Saa Mbili

Balikowa aliiweka juu ya kitambaa changu
kama mtu anayelaza mtoto mwenye homa.
Chuma kizito, kioo cha yakuti,
na mgongoni pameandikwa: mita mia tatu.
Ndani ya kioo, ukungu.

Mimi ni fundi saa, Barabara ya Iganga, Jinja,
ngazi ya nyuma, juu ya duka la magodoro.
Bahari sijaiona. Lakini najua
maji hayana haraka wala hayana haya:
yakipata upenyo wa unywele, yanahamia.

Basi wale wa milimani walioiunda
walikaa, wakahesabu.
Kioo unene huu, kisipinde.
Mfuniko wa nyuma una hesi, unakazwa kama wa chupa ya asali.
Mipira mitatu ya duara, myembamba kuliko tambi,
imepakwa mafuta kwa ncha ya sindano;
maji yakizidi kusukuma, mpira unazidi kubana,
adui mwenyewe ndiye anayefunga mlango.
Hilo hunichekesha peke yangu, kila mara.

Na ubavuni, taji:
kifundo kidogo cha kurekebishia akrabu,
nacho kina hesi. Kikikazwa, ni ukuta.
Kikilegezwa nusu mzunguko,
nyumba ya mfalme imelala wazi.

"Umezama nayo kina gani?" nilimwuliza,
maana kazi yake ni chini ya bwawa,
kupapasa malango ya chuma gizani
huku Nile ikimvuta miguu.
Alitazama dirisha.
"Kazini navaa ya plastiki."
"Na hii?"
"Hii imezama beseni."

Ikatoka taratibu, kama skurubu yenye kutu.
Mkewe, Kagoya, huivaa akifua.
Na Kagoya hakubali saa inayosema nane
jua likiwa bado changa,
ilhali Kamuli nzima, tangu babu, inasema saa mbili.
"Bei ya ng'ombe kumi, na haijui kuhesabu!"
Kila asubuhi hulegeza taji, huzirudisha akrabu saa sita nyuma.
Kila usiku Balikowa hulegeza taji, huzipeleka saa sita mbele,
kwa kuwa zamu za bwawa huandikwa kizungu.
Mara mbili kwa siku, miaka minne,
bila neno mezani.

Niliifungua. Hesi za taji zimelika, laini kama ufizi wa kichanga.
Povu la sabuni limekauka kwenye gurudumu la nne.
Wahandisi walipima uzito wa maji yasiyo yetu
(Nyanza yote haifiki theluthi ya zile mita),
ndoa hawakuipima.

Nikabadilisha bomba la taji, na mipira yote.
Nikaitumbukiza katika chungu cha kupimia, nikapiga pampu.
Nikaipasha moto kidogo, nikadondosha tone baridi juu ya kioo,
nikangoja, kalamu mdomoni.
Ukungu haukuja.
"Usiichukue," nikamwambia kwa simu. "Mlete Kagoya."

Alikuja Jumamosi, vidole bado vimekunjamana kwa maji.
Nikamwonyesha pete ya nje, yenye pembetatu,
izungukayo upande mmoja tu,
ili mzamiaji akiigonga bila kujua
akosee upande wa uhai.
"Hii haifungui kitu," nilisema.
"Zungusha, pembetatu ikae penye sita.
Anza kuhesabu hapo."

Akazungusha, tki, tki, tki, mibofyo sitini,
kichwa kimeinama kama anayesikiliza redio ya jirani.
Akrabu fupi ilikuwa penye kumi.
Akahesabu kwa ukucha kutoka kwenye pembetatu.
"Saa nne," akasema.
"Saa nne," nikaitikia.
Balikowa, mlangoni, alisema kumi, kwa sauti ndogo,
na hakuna aliyemsahihisha.